Straika akitundika njumu: Mombasa imempangia nini?

*Timu ya Mombasa ilipoing'oa Simba mjini Dar es Salaam mwaka 2019, benchini alikuwepo mfungaji wa zamani aliyepata kazi ya pili katika soka. Kwa wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, kazi hiyo ya pili haipo.*

Kipenga cha mwisho kilipolia katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, Januari 2019, matokeo yalikuwa Simba 1, Bandari 2. Ilikuwa nusu fainali ya Kombe la SportPesa. Simba wakati huo ilikuwa katika makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na msimu huohuo ingefika robo fainali. Timu kutoka Mombasa, ambayo haijawahi kuwa bingwa wa ligi ya Kenya, iliitoa mashindanoni mbele ya mashabiki wake.

Kocha wa Bandari siku hiyo hakuwa mgeni kwa mashabiki wa Simba. Bernard Mwalala, ambaye Watanzania walimzoea kwa jina la Ben, aliwahi kuwaumiza akiwa bado anavaa njumu. Tarehe 26 Oktoba 2008, akiwa na jezi ya Yanga, alifunga katika dakika ya 15 bao pekee la mechi ya watani wa jadi, Yanga na Simba. Watani hao walipokutana tena tarehe 19 Aprili 2009 na kutoka sare ya 2-2, bao moja la Yanga lilikuwa lake.

Takribani miaka kumi baadaye, alirudi katika jiji lilelile akiwa na kazi nyingine na kumfunga mpinzani yuleyule. Mchezaji angetaka maisha yake ya soka yaende hivyo: mguu ukichoka, kichwa kiendelee kufanya kazi.

Lakini njia ya Mwalala ni ya wachache. Ukivuka feri kwenda Likoni, ukapita daraja la Nyali kuelekea Kisauni, au ukashika barabara ya Makupa hadi Changamwe, utakuta wafungaji wa zamani ambao mitaa bado inawaita kwa majina ya uwanjani. Wengi wao hawana cheti cha ukocha, hawana akiba ya uzeeni, wala hakuna klabu inayowahitaji. Makala haya yanauliza kwa nini, na nani ana uwezo wa kubadilisha hali hiyo.

Kutoka nyavuni hadi benchini

Yanga aliyoichezea Mwalala ilikuwa chini ya kocha Mserbia, Dusan Kondic, na ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara msimu wa 2008/09. Mkenya mwenzake, Boniface Ambani, alimaliza msimu huo akiwa mfungaji bora kwa mabao 18. Dar es Salaam ya wakati ule iliwapa washambuliaji wa Kenya kitu ambacho nyumbani hakikuwa cha hakika: uwanja uliojaa, mshahara, na jina linalovuka mpaka.

Mwalala alipogeukia ukocha, hakuanzia katika klabu kubwa. Alifundisha Nzoia Sugar ya Bungoma, mbali na bahari, kabla ya kukabidhiwa Bandari mwaka 2018. Bandari ilimaliza ligi ya mwaka huo katika nafasi ya pili nyuma ya Gor Mahia, na ikarudia nafasi hiyo msimu wa 2018/19.

Kombe lilikuja Juni 2019. Bandari iliifunga Kariobangi Sharks mabao 3-1 katika fainali ya Ngao ya SportPesa, yaani kombe la taifa, ikalipa kisasi dhidi ya timu iliyoizuia katika fainali ya Dar es Salaam miezi michache nyuma. Ushindi huo uliipeleka Bandari katika Kombe la Shirikisho Afrika. Huko iliitoa Al-Ahly Shendi ya Sudan, kisha Ben Guerdane ya Tunisia, kabla ya kusimamishwa na Horoya ya Guinea katika mchujo wa kuingia makundi.

Mwanzoni mwa 2020 Mwalala alikuwa ameshaondoka Mbaraki, nyumbani kwa Bandari. Ukocha nao hauna dhamana. Matokeo yakipinda, wa kwanza kufungishwa virago ni kocha. Ila yeye aliondoka akiwa na taaluma mkononi, na baadaye akapata kazi Kakamega Homeboyz.

Si yeye peke yake. John Baraza, aliyefunga bao la tatu Kenya ilipoilaza Burkina Faso 3-0 katika Kombe la Afrika mwaka 2004, ushindi wa kwanza kabisa wa Harambee Stars katika mashindano hayo, naye alikuja kukaa katika benchi la Bandari. Washambuliaji wawili wa taifa, klabu moja, jiji moja. Hilo linathibitisha kwamba mfungaji mstaafu ana thamani. Kilichobaki ni kuuliza kwa nini thamani hiyo haiwafikii waliobaki mtaani.

*“Mwalala aliondoka Mbaraki akiwa na taaluma mkononi. Wengi wa wenzake huondoka na jina tu.”*

Deni la 1965

Mombasa haikujifunza soka jana. Mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya ligi ya taifa kuanzishwa, ubingwa ulichukuliwa na Feisal, klabu ya Mombasa. Ilikuwa enzi ya kina Ali Kajo na Ahmed Breik, majina ambayo wazee wa Pwani huyataja mpaka leo mtu akianza kusifu vijana wa sasa. Mahasimu wao mjini walikuwa Liverpool ya Mombasa, na mechi yao ilitosha kusimamisha biashara.

Tangu mwaka huo, zaidi ya nusu karne, hakuna klabu nyingine ya Pwani iliyobeba ubingwa wa ligi. Kombe limezunguka Nairobi, Nakuru, Naivasha hadi Awendo, lakini halijarudi baharini.

Feisal na Liverpool zilikuwa timu za watu, zikiendeshwa kwa michango na mapenzi. Zilipofifia, soka la ushindani la Mombasa liliegemea zaidi na zaidi taasisi moja kubwa, yaani bandari. Mizizi ya Bandari FC ni timu ya wafanyakazi wa kampuni ya upakuzi ya LASCO ya miaka ya 1960. Baadaye ikaja Cargo, kisha jina la sasa chini ya Halmashauri ya Bandari Kenya, KPA. Mwaka 2015 ilitwaa kombe la taifa, na mwaka 2019 ikalitwaa tena.

Mabadiliko hayo yana maana kubwa kwa mchezaji anayestaafu. Timu ya mtaa ilimlea mchezaji tangu utoto, na hata alipoacha kucheza alibaki na nafasi: mlezi, mwamuzi, msimamizi wa vijana. Mwajiri mkubwa humchukua mchezaji katika miaka yake mizuri, humlipa, na mkataba ukiisha humshukuru. Taasisi haina kosa kwa kufanya hivyo. Lakini jamii iliyopoteza timu zake za mtaa imepoteza pia mahali pa kuwaweka wazee wake wa mpira.

Ng'ambo tatu, viwanja vichache

Mombasa ya watalii ni kisiwa na fukwe. Mombasa ya wachezaji ni bara: Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini, Changamwe upande wa magharibi. Huko ndiko waliko wafanyakazi wa bandari, wa uwanja wa ndege, wa viwanda na wa hoteli, na huko ndiko watoto walikojaa.

Kila ng'ambo ina uwanja wake wenye historia. Likoni wana Caltex, ambapo kampeni za siasa na mechi za mtaa hupokezana. Changamwe wana Bomu. Upande wa Kongowea, njia ya kwenda Kisauni, wana Uwanja wa Mbuzi. Lakini mchezaji wa bara akitaka kuonekana na makocha wa ligi kuu, lazima avuke aende kisiwani, Mbaraki. Kwa kijana wa Mtongwe au Shelly Beach hiyo ina maana ya kupanga foleni ya feri kwenda, na foleni nyingine kurudi usiku akiwa amechoka.

Hata kisiwani kwenyewe hali si nzuri. Uwanja wa Manispaa ya Mombasa uliingia katika ukarabati wakati wa gavana wa kwanza wa kaunti, Hassan Joho, na kazi haikuwa imekamilika alipoondoka madarakani mwaka 2022. Bandari iliposhiriki Kombe la Shirikisho mwaka 2019, mechi zake za “nyumbani” zilichezwa Kasarani, Nairobi, karibu kilomita mia tano kutoka kwa mashabiki wake.

Agosti 2025 tofauti ilionekana wazi. Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN. Tanzania ilipeleka mechi Amaan, Zanzibar. Viwanja vilivyotumika Kenya vyote vilikuwa Nairobi. Visiwa jirani vyenye bahari hiyohiyo na lugha hiyohiyo vilipokea Afrika, huku Mombasa ikitazama kwenye runinga.

Suala la ardhi ndilo linalokaza fundo. Likoni, mgogoro wa ekari 930 za shamba la Waitiki ulimalizwa mwaka 2016 kwa serikali kulinunua na kuwagawia hati wakazi waliokuwa wameshajenga humo. Hoja kuu ilikuwa makao, na ilikuwa hoja ya haki. Lakini kila sehemu ya bara inayopimwa na kujengwa bila kutenga eneo la michezo, uwanja hauwezi kupatikana tena baadaye isipokuwa kwa kubomoa nyumba za watu. Mtoto anayeanza mpira leo Mtopanga au Chaani anategemea zaidi viwanja vya shule, ambavyo hufungwa mwalimu akiondoka na funguo.

Timu ya nani?

Hapa ndipo maoni yanapogongana, na kila upande una hoja ya kusikilizwa.

Upande wa kwanza unasema Bandari ni mali ya Pwani. Bandari yenyewe iko hapa, vumbi na malori yake ni ya Changamwe, meli zake hupita mbele ya macho ya Likoni. Basi vijana wa hapa wapewe kipaumbele katika usajili, na wachezaji wa hapa wanaostaafu wapewe kazi klabuni au katika taasisi. Kilio hiki ni ndugu wa kilio cha ajira za bandari chenyewe, ambacho wanasiasa wa Pwani wamekipigia kelele miaka mingi.

Upande wa pili unasema klabu ya ligi kuu huendeshwa kwa ushindi. KPA ni taasisi ya umma ya Wakenya wote, na fedha zake si za wilaya moja. Mafanikio ya 2019 yalipatikana kwa kikosi chenye Wakenya wa kila pembe na wageni kutoka nchi jirani. Kocha akilazimishwa kuangalia kitambulisho kabla ya kuangalia mguu, timu itashuka daraja, na hapo hata kijana wa Likoni hatakuwa na mahali pa kuota kufika.

Ukizichunguza hoja hizi mbili, zinagombania mlango mmoja: usajili wa wachezaji wa kikosi cha kwanza. Wachezaji wa kikosi hicho ni kama thelathini tu. Hata nafasi zote zingepewa vijana wa bara, bado maelfu wangebaki nje. Mlango mpana zaidi uko chini, katika timu za watoto na vijana, na uko upande wa pili wa maisha ya mchezaji, anapostaafu. Milango hiyo miwili inaweza kufunguliwa bila kupunguza pointi hata moja ya timu ya wakubwa.

*“Hata nafasi zote za kikosi cha kwanza zingepewa vijana wa bara, maelfu wangebaki nje. Mlango mpana uko katika timu za watoto, na uko pale mchezaji anapostaafu.”*

Mkataba wa miezi, maisha ya miaka

Straika huishi kwa kasi, na kasi ndiyo ya kwanza kuondoka. Akifika miaka thelathini na kitu, beki wa miaka ishirini anamwahi. Beki wa kati au kipa anaweza kujisukuma zaidi kwa uzoefu. Mshambuliaji huhukumiwa kwa hesabu ya mabao, na hesabu hiyo haina huruma. Kwa hivyo anastaafu akiwa bado na miaka thelathini au arobaini ya kuishi, watoto wa kusomesha, na magoti yaliyochoka.

Tatizo hili halikuanzia Mombasa. Utafiti wa chama cha wachezaji duniani, FIFPRO, uliotolewa mwaka 2016 baada ya kuwahoji wachezaji wapatao 14,000 katika nchi 54, ulionyesha kuwa asilimia 41 walikuwa wamecheleweshewa malipo katika miaka miwili iliyotangulia. Zaidi ya asilimia 45 walikuwa wakipata chini ya dola 1,000 kwa mwezi. Wastani wa mkataba ulikuwa chini ya miaka miwili.

Kenya iliongeza majeraha yake. Mwaka 2019, mwaka uleule wa furaha ya Bandari, kampuni ya kubashiri ya SportPesa ilisitisha udhamini wake baada ya mvutano wa leseni na serikali. Ligi na klabu kadhaa zikaachwa bila mfadhili. Novemba 2021 serikali ililivunja Shirikisho la Soka Kenya, FKF, na Februari 2022 FIFA ikaifungia nchi hadi Novemba mwaka huo. Mchezaji aliyekuwa na miaka 32 wakati huo alipoteza misimu ambayo hangeweza kuidai tena.

Julai 2019, mwezi mmoja baada ya Bandari kubeba ngao, Kenya ilimzika Joe Kadenge, mshambuliaji aliyekuwa fahari ya taifa katika miaka ya 1960. Katika miaka yake ya mwisho, habari zake zilikuwa za maradhi na wahisani. Nchi iliyoimba jina lake ilisubiri augue ndipo ikumbuke kumchangia. Michango ya hospitali ni utu, lakini haiwezi kuwa ndiyo sera ya taifa kwa wachezaji wake.

Sheria iliyopo inaweza kusaidia kabla ya kutunga mpya. Chini ya Sheria ya NSSF ya 2013, ambayo viwango vyake vipya vilianza kukatwa Februari 2023, mfanyakazi huchangia asilimia 6 ya mshahara hadi kiwango kilichowekwa, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Mchezaji mwenye mkataba wa kazi ulioandikwa sawasawa anastahili kuwekewa akiba hiyo kama anavyowekewa karani au dereva wa kreni. Tatizo huanza pale klabu inapomlipa mchezaji “posho” mkononi, bila karatasi. Posho huisha jioni. Michango ya miaka kumi, hata iwe midogo, inamsubiri mtu uzeeni.

Pesa zinazopotea kwa kukosa daftari

Kuna fedha nyingine ambazo mitaa ya bara inazipoteza bila kujua, na zinahusu moja kwa moja ajira ya wastaafu.

Kanuni za FIFA zinaagiza kwamba mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho igawiwe klabu zilizomlea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Tangu mwaka 2022 malipo hayo hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, baada ya rekodi za mchezaji kukusanywa kielektroniki na kila aliyemlea kutafutwa.

> Hesabu ya malezi
>
> Tuseme straika ameuzwa nje kwa Sh100 milioni. Sh5 milioni ni za walezi.
>
> Umri wa miaka 12 hadi 15: kila msimu asilimia 0.25 ya ada. Klabu ya Likoni iliyokaa naye misimu hiyo minne inastahili Sh1 milioni.
>
> Umri wa miaka 16 hadi 23: kila msimu asilimia 0.5. Klabu ya Changamwe iliyokaa naye misimu miwili inastahili Sh1 milioni.
>
> Sharti: klabu iwe imesajiliwa, na mchezaji awe alisajiliwa kwake katika mfumo wa shirikisho.

Victor Wanyama alipotoka Celtic kwenda Southampton mwaka 2013, ada iliyoripotiwa ilikuwa pauni milioni 12.5. Asilimia 5 ya fedha kama hizo ingejenga na kuendesha timu za watoto za mtaa mzima kwa miaka. Lakini timu nyingi za mitaani zina jezi na kocha, na hazina usajili. Kijana anacheza Kisauni tangu darasa la nne, anaonwa na klabu kubwa akiwa na miaka 17, na katika rekodi za dunia inaonekana kana kwamba alizaliwa siku ile.

Timu ya mtaa ikiwa na daftari, ina sababu ya kumlipa mtu wa kuwafundisha watoto vizuri. Na nani afaaye kumfundisha mtoto kumalizia mpira wa krosi kuliko mtu aliyezifanya nyavu kuwa riziki yake?

Cheti kabla ya kutundika njumu

Ufundi wa uwanjani peke yake hautoshi siku hizi. CAF ina ngazi za leseni za ukocha kuanzia D, kisha C, B na A, na kocha mkuu wa klabu inayoshiriki mashindano yake lazima afikie daraja la juu. Mwaka 2020 Gor Mahia ilijikuta taabani pale kocha wake Mbrazili, Roberto Oliveira, alipozuiwa kukaa benchini katika mechi za Afrika kwa kukosa vyeti vinavyotakiwa. Kama klabu kubwa ya Nairobi iligonga mwamba huo, mstaafu wa Mikindani asiye na hata leseni D atapita wapi?

Kozi hizo zinahitaji ada, muda na mara nyingi safari. Mchezaji anayesubiri astaafu ndipo atafute cheti huanza wakati mshahara umekatika. Anayeanza akiwa bado anacheza, mwaka mmoja leseni D, mwaka unaofuata C, hustaafu akiwa na mlango wa kuingilia.

Hapa kuna hoja ya kupinga ambayo makocha wenyewe huitoa, nayo ni ya kweli: si kila mfungaji hodari ni mwalimu hodari. Wako wanaofunga kwa silika na hawawezi kueleza walifanyaje. Kwa hiyo mpango wa wastaafu usiwe wa kugawa vibarua vya ukocha kwa huruma. Wengine watafaa kuwa waamuzi, wengine wasaka vipaji, wengine mameneja wa vifaa au watangazaji wa redio za Pwani. Kozi ndiyo itakayochuja, na kuchujwa kwa haki ni heshima kuliko kusahaulika.

Mombasa inao mfano wa nyumbani kwamba ukocha unaweza kumfikisha mtu mbali. Twahir Muhiddin amefundisha Coast Stars, Bandari na hata Harambee Stars. Ujuzi wa Pwani ulishafika timu ya taifa. Unachokosa ni utaratibu wa kuuzalisha kwa wingi, badala ya kusubiri atokee mtu mmoja kila kizazi.

*“Anayeanza kozi akiwa bado anacheza hustaafu akiwa na mlango wa kuingilia.”*

Kinachoweza kupotea

Jioni za Kisauni zina historia ya maumivu. Magenge ya vijana wenye mapanga yametia hofu mitaa hiyo kwa miaka. Likoni imepoteza vijana kwa dawa za kulevya. Hakuna mtu mwenye akili atakayedai kwamba mpira peke yake unaponya hayo. Lakini mtoto wa miaka 13 anayetakiwa uwanjani saa kumi jioni, na kocha anayeuliza kwa nini jana hakuja, ana mtu mzima mmoja zaidi anayemhesabu. Mfungaji mstaafu ambaye mtaa unamheshimu anaweza kusema neno likasikika pale ambapo chifu na polisi hawasikiki.

Hatari ya pili ni ya soka lenyewe. Mshambuliaji haumbwi kwa mazoezi ya mbio tu. Hufundishwa lini akimbie na lini asimame, namna ya kumpa beki mgongo, mguu upi wa kuanza nao kipa akitoka. Mafunzo hayo hupita kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Kila mstaafu anayeacha soka kabisa kwa sababu ya njaa huondoka nayo, na kijana anayemfuata huanza upya.

Nani afanye nini

Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa Kombe la Afrika. Fedha nyingi zitaingia katika saruji na nyasi. Ni sawa, nchi inahitaji viwanja. Lakini mambo ambayo yangembadilishia maisha straika wa bara hayahitaji kusubiri mashindano hayo, na mengi hayahitaji fedha nyingi.

FKF, kupitia tawi lake la Mombasa, ianze na usajili. Kila timu ya mtaa ya Likoni, Kisauni, Changamwe na Jomvu isaidiwe kupata cheti cha kusajiliwa, na kila mtoto wa miaka 12 kwenda juu aingizwe katika mfumo. Kazi hii ni ya kompyuta na watu wachache wenye subira, na faida yake inaweza kuonekana kijana mmoja tu akiuzwa nje.

KPA, kama mwajiri na mfadhili wa soka Mombasa, iandike katika mkataba wa kila mchezaji wa Bandari mambo mawili: michango ya NSSF isiyoruka mwezi, na ada ya kozi moja ya ukocha au uamuzi kwa kila misimu miwili ya utumishi. Kisha iwe na timu za vijana katika kila ng'ambo, zikifundishwa na wastaafu waliofuzu. Hapo ugomvi wa timu ya nani utapata jibu la vitendo: vijana wa bara watafika kikosi cha kwanza kwa sababu wamefunzwa vizuri, na kocha hatalazimika kumpendelea mtu.

Kaunti ina wajibu ambao hakuna mwingine anayeweza kuubeba, nao ni ardhi. Viwanja vya wazi vilivyobaki bara vipimwe, vipewe hati kwa jina la umma, na visiguswe na mpango wowote wa ujenzi. Uwanja wa Manispaa ukamilishwe, ili timu ya Mombasa ikifuzu tena Afrika icheze mbele ya watu wake.

Na wachezaji wenyewe wasisubiri. Chama cha ustawi wa wachezaji, KEFWA, kipo na kina uanachama wa FIFPRO. Straika wa miaka 24 anayesaini mkataba leo aulize maswali matatu kabla ya kushika kalamu: akiba yangu inawekwa wapi, nikiumia nani atanitibu, na nikimaliza nitakuwa nimesomea nini. Klabu isiyo na majibu haistahili miguu yake.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mombasa imekuwa na wacheza kwao tangu enzi ya Feisal, nao walitimiza wajibu wao kwa jasho na mabao. Sehemu iliyobaki ya methali hiyo ni kazi ya FKF, KPA na kaunti, na inaweza kuanza msimu huu wa usajili.